Nywele za Eliu

Marleni alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate, akapita lango la bluu, na pale uani akamkuta mwanawe hana nywele.

Si kwamba zilikuwa zimepunguzwa, au zimefungwa nyuma kwa kitambaa. Hazikuwapo. Kichwa chote cha Eliu kilikuwa kinang'aa juani kama yai, naye alikuwa anakipapasa kwa mikono miwili huku akicheka, maana tangu azaliwe hakuwahi kukigusa namna hiyo.

"Mama, tazama! Mimi mkubwa sasa!"

Pembeni yake alisimama Dada Mirta, mashine ya kunyolea mkononi, anatabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Usiniambie hajapendeza," alisema. "Chawa, Marleni! Watoto wote wa nyumba hii wamewaleta kutoka chekechea. Nimewasafisha wote tangu asubuhi, mgongo hauna hali. Nikasema huyu hasa, maana kesho babu yake anakuja. Lazima amkute mtanashati."

Mfuko wa mikate ulimponyoka Marleni. "Nywele zenyewe ziko wapi?"

"Nimezichoma. Chawa dawa yake moto."

Lazima isemwe mapema kwamba Dada Mirta hakuwa mtu mbaya, kwa sababu kwa dakika ile Marleni angeweza kumng'ata. Alikuwa mwanamke wa Lima, jiji la pwani ya Peru, mwenye saluni yake mwenyewe, na kanisa lake lilimtuma huku Cusco kuwafundisha wanawake waliohifadhiwa katika nyumba hii kazi ya nywele. Aliamini hakuna machungu ya mwanamke yasiyopungua kidogo ukimwosha kichwa kwa maji ya moto na kumsemesha polepole, na kwa kweli wengi katika nyumba ile walilia kwa mara ya kwanza vichwa vyao vikiwa ndani ya beseni lake. Lakini alikuwa mtu wa pwani, na hakuna aliyekumbuka kumwonya. Wangemwonyaje? Milimani huku hakuna anayefikiri yuko binadamu wa kuambiwa kwamba nywele za kwanza za mtoto haziguswi. Ni sawa na kumwambia mgeni asile mawe.

Nywele hizo huachwa zikue mpaka siku yake ifike. Siku hiyo ndugu hukusanyika, na mtu mmoja aliyeteuliwa hukata kishungi cha kwanza, akataja jina la mtoto kwa sauti, akampa kondoo au alpaka, mnyama wa sufu wa milimani, au kipande cha shamba. Kuanzia hapo mtu huyo ni mzazi wa pili wa mtoto mpaka kaburini. Wengine hufuata, kila mmoja na kishungi chake na zawadi yake. Kabla ya siku hiyo mtoto ni wa mama yake tu. Baada yake ni mtu wa ukoo, ana mahali pake, ana wanyama wake, na akifa ataliliwa na watu wengi.

Eliu alikuwa anakaribia miaka minne, nywele zimemfika mabegani, na wauza viazi sokoni walikuwa wakimwita binti mzuri. Marleni alikuwa amezitunza nywele zile kwa sababu moja tu. Alitaka zikatwe na baba yake.

Baba yake, Mzee Melchor Turpo, aliishi juu kabisa, kule alpaka walikoanza kupata taabu ya nyasi. Marleni aliondoka kwake akiwa na miaka kumi na saba. Kwenye sherehe ya kijiji alikuja mama mmoja mcheshi, mnene, mwenye maneno matamu, akasema anatafuta wasichana wa kupika mgahawani, chini kwenye misitu wanakochimba dhahabu. Mgahawa haukuwapo. Kulikuwa na kibanda cha turubai la bluu, muziki, wanaume, na mlango uliofungwa kwa nje. Yaliyofanyika humo kwa miaka miwili hayatasimuliwa hapa. Marleni amekwisha kuyasimulia kwa wale aliotaka yeye, na hiyo ni haki yake. Asubuhi moja askari walikuja wakavunja mlango, na baada ya mahojiano mengi akaletwa katika nyumba hii, tumbo limeshaanza kuonekana.

Kwa baba yake alisema uongo. Alisema kwenye simu kwamba amehama, sasa anawapikia watu wa kanisa Cusco, kwamba ni mzima, kwamba ana kazi nyingi. Habari ya mtoto hakuisema kabisa, mpaka mwezi uliopita. Alipoisema, mzee aliuliza, "Ameshakatwa nywele?"

"Bado, Baba."

"Nitakuja na mkasi."

Na simu ikakatwa. Mwezi mzima Marleni alikuwa ameligeuza neno hilo huku na huku kama mtu anayetafuta uchafu kwenye mchele. Ni hasira? Ni msamaha? Hakujua. Alichojua ni kwamba anayekuja na mkasi ana nia ya kuushika, na baba yake akiushika, Eliu atakuwa na mtu mwingine duniani zaidi ya mama yake. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba kwa Mungu, na hakuomba lingine.

"Kesho asubuhi baba yangu atashuka kwenye basi na mkasi wake," alimwambia Dada Mirta. "Akate nini? Akate masikio?"

Dada Mirta alianza kuelewa kwamba kuna jambo. Alitazama mashine, akatazama kichwa cha mtoto, tabasamu likamwisha.

Kelele zilimtoa Mama Eudosia jikoni. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, mjane wa mchungaji, mfupi, mpana, mzaliwa wa milimani, Sicuani, na nyumba ile aliiendesha kwa sheria chache. Kila mwanamke anashika ufunguo wa chumba chake mwenyewe. Hakuna anayeulizwa habari zake asipozitoa. Hakuna anayeombewa kwa nguvu. "Yesu mwenyewe aliuliza kwanza, 'Wataka kuwa mzima?'" alikuwa akiwaambia wageni wenye bidii kupita kiasi. "Yeye aliuliza. Wewe ni nani usiulize?" Habari ya kukata nywele za Eliu alikuwa ameipigania katika baraza la kanisa, maana baadhi ya wazee walisema hayo ni mambo ya mizimu ya milima. Mama Eudosia aliwajibu kwamba Paulo mtume alinyoa kichwa kule Kenkrea kwa sababu ya nadhiri, na mwenye neno amtafute Paulo. Wakakubali kwa sharti moja: pombe isiwepo. Ndiyo maana jikoni kulikuwa na sufuria kubwa la kinywaji cha mahindi ambacho hakijachacha, kitamu kama togwa, kikisubiri wageni.

Sasa alikitazama kichwa cha Eliu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ee Bwana," alisema. "Ee Bwana wangu."

"Si mniambie nimefanya nini!" Dada Mirta alilia.

Wakamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa aproni na kulia kwa sauti, na ajabu ni kwamba Eliu ndiye aliyekwenda kumshika goti na kumbembeleza.

"Jamani, msilie, dawa ipo," alisema Dianira. Huyu alikuwa mtu wa mtoni, wa huko Pucallpa, na mdomo wake haukujua likizo. Alikimbilia chumba cha mafunzo, akarudi na wigi la kahawia alilolivua kwenye sanamu ya kujifunzia, ile waliyoipa jina la Bi Clotilde. "Tunamvika. Mzee anakata kishungi kimoja, tunapiga makofi, tunakula. Kwani macho ya mzee yanaona vizuri?"

"Anaona alpaka wake mlima wa pili," alisema Marleni.

Hata hivyo walimvika. Eliu alisimama katikati ya ua na nywele za kike zimemfika kiunoni, mikono mfukoni, amenuna kama wakili aliyepoteza kesi. Dianira alianguka chini kwa kicheko. Mama Eudosia alijitahidi kujizuia, akashindwa. Marleni naye alicheka, akiwa na uchungu wake hivyo hivyo, na alipomaliza kucheka alimvua mtoto wigi, akalikung'uta, akamrudishia Dianira.

"Mrudishie Bi Clotilde," alisema. "Nimemdanganya baba yangu kwa mdomo miaka yote hii. Sitamdanganya na kwa nywele."

"Njia ya mwongo fupi," alisema Mama Eudosia.

"Ndiyo, mama. Nitamwambia."

"Habari za chawa?"

"Habari zote."

Dianira aliacha kucheka, akawa anaviringisha wigi mkononi. Wanawake waliokuwapo walimwelewa vizuri, maana kila mmoja wao alikuwa na baba mahali fulani, au kaka, au mtoto, ambaye aliambiwa habari za mgahawa.

"Hulazimiki," alisema Mama Eudosia polepole. "Hapa hulazimiki kwa lolote. Ukitaka nitamwambia tu kwamba tulikosea, ni nyumba ya watu wengi, mambo hutokea. Atakasirika kidogo, atakula, ataondoka."

"Najua silazimiki. Ningelazimishwa, nisingeweza."

Jioni, kwenye maombi, wengine walizungumza sana na Mungu kama kawaida yao. Mama Eudosia alikuwa na maneno machache. "Baba, wewe ulisema nywele za vichwa vyetu zote zimehesabiwa. Basi na hizi unazo hesabu yake, hata zikiwa majivu. Kesho mpe huyu binti mdomo, na yule mzee mpe masikio. Amina." Dada Mirta alisema amina kubwa kuliko wote, pua yake imevimba kwa kulia.

Asubuhi Mzee Melchor alibisha lango, akiwa amelitafuta peke yake tangu kituo cha basi, akiuliza kila kona. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Marleni alivyomkumbuka. Mgongoni alikuwa na gunia la viazi, begani kipande cha nyama kavu, na kifuani, ndani ya poncho, vazi lake zito la sufu, kichwa cha mwanakondoo kilikuwa kinachungulia na kutafuna ukingo wa nguo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na mgeni huyu alikuja na jiko zima. Alivua kofia, akawasalimu wote waliokuwapo uani, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Wa mwisho alikuwa Marleni.

Watu wa milima ile hawakumbatiani mbele za watu. Mzee alimgusa bega.

"Umekonda."

"Na wewe umezeeka, Baba."

"Hiyo kazi nimeifanya vizuri," alisema mzee, na midomo yake ikacheza kidogo.

Kisha macho yake yakaanza kutafuta. Nyuma ya pipa la maji kulikuwa na kichwa kimoja kidogo kinachong'aa, kinachungulia. Mzee alikitazama. Alimshusha mwanakondoo chini taratibu, akaweka gunia, akabaki amesimama. Kifundo cha kitambaa chekundu kilionekana mshipini mwake, na mle Marleni alijua uko mkasi.

"Nani amemnyoa?"

Aliuliza kwa Kikechua, lugha ya milimani, lakini Dada Mirta hakuhitaji mkalimani. Alijitokeza mbele, uso umemparara, amekunja mikono kama mtoto aliyevunja sahani. Marleni alimuwahi, akasimama katikati yao.

"Baba, kabla ya hilo kuna lingine. Njoo huku."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, penye mawe ya kufulia, mashuka yakiwa yameanikwa pande zote. Mzee aliketi juu ya jiwe. Marleni alibaki amesimama, akachukua kipande cha sabuni kilichosahauliwa pale, akawa anakitazama hicho.

"Haukuwa mgahawa," alisema.

"Nini?"

"Kule chini nilikokwenda. Haukuwa mgahawa, Baba. Walitufungia. Walituuza kwa wanaume, kila siku, miaka miwili. Sikuwa na simu. Siku niliyojaribu kukimbia walinirudisha. Watu wa nyumba hii walinipokea nilipotolewa huko, na mtoto nilikuwa naye tumboni tayari." Alivuta pumzi. Kipande cha sabuni kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la mkono wake. "Baba yake simjui. Si kwamba namficha. Simjui, na sitamjua. Kwa hiyo sina jina la ukoo la kukupa. Nywele zimenyolewa kwa bahati mbaya, yule dada ni mgeni, hakujua. Lakini hata zingekuwapo, ilikuwa lazima nikuambie kabla hujazigusa. Basi. Ndiyo hayo."

Mzee Melchor alikuwa anazungusha kofia yake mikononi, ukingo baada ya ukingo. Marleni alijiandaa. Alikuwa amejiandaa kwa mwezi mzima, akijifunza moyoni jinsi ya kupokea laana, kofi, au mgongo wa mtu anayeondoka bila neno. Mgongo ndio aliouogopa zaidi.

"Yule mama," alisema mzee hatimaye, "alikula kwangu."

"Ndiyo, Baba."

"Nilimchinjia simbilisi. Wawili. Alisifu pilipili yangu."

"Ndiyo."

"Mzigo wako niliubeba mimi mpaka barabarani. Nikakuambia ufanye haraka, basi litakuacha." Aliikunja kofia mara mbili. "Na miaka yote hii nikisema huyu mtoto amepata watu wazuri, ametusahau. Kila sherehe nilikusema. Mbele za watu, Marleni. Nikasema sikuzaa, nilitema mate tu."

"Hukujua, Baba."

"Sikuuliza. Simu ilikuwa mkononi, sikuuliza!"

Na akalia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi, mabega yanaruka, kofia ameibana usoni. Marleni hakuwa amejiandaa kwa hili hata kidogo. Alisimama ameduwaa, kisha akaketi kwenye jiwe karibu yake, bega kwa bega, akaiacha sabuni ianguke. Alihisi pumzi ikimshuka mpaka tumboni, pumzi ndefu, na akashangaa kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akipumua ya juu juu tu. Hakulia. Alichoka, uchovu mzuri, kama wa mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba mgongo ni wake.

Walikaa hivyo mpaka huko uani mwanakondoo alipoanza kupiga kelele na Eliu naye akaanza kumjibu kwa kelele zile zile. Mzee alijifuta uso kwa pindo la poncho, akapenga kamasi, akavaa kofia na kuinyoosha.

"Haya," alisema. "Nani amemnyoa mjukuu wangu?"

Mjukuu wangu. Marleni alilisikia neno hilo, akalishika, hakulitoa kwa mtu.

Uani hakuna aliyekuwa ameondoka mahali pake. Mzee alikwenda moja kwa moja kwa Dada Mirta na kumwita Mama Eudosia awe mkalimani.

"Mwambie anijibu kweli. Kabla yake, kuna mtu aliyewahi kukata hata unywele mmoja wa huyu mtoto?"

"Hakuna," alisema Dada Mirta. "Naapa, hakuna. Ni mimi tu. Nisamehe, mzee wangu, sikujua."

"Basi ndiye. Aliyekata kwanza ndiye mama wa nywele. Mila haisemi alitaka au hakutaka."

"Amesemaje?" aliuliza Dada Mirta.

"Anasema hongera," alijibu Mama Eudosia. "Umejifungua."

Dianira alipiga kigelegele. Dada Mirta alikuwa anatazama midomo ya kila mtu, haelewi acheke au akimbie. Walipomweleza vizuri kwamba sasa yeye ni mzazi wa pili wa Eliu, wa kumshika mkono maisha yake yote, alijaribu kujitetea.

"Lakini mwambie haukuwa mkasi! Ilikuwa mashine!"

Mama Eudosia alitafsiri. Mzee Melchor alilitafakari jambo hilo kwa uzito wote, kama hakimu.

"Mashine ina meno?"

"Inayo."

"Basi imekata. Na anadaiwa kondoo."

"Kondoo!" Dada Mirta alishika kichwa. "Mimi naishi ghorofa ya nne, Lima! Kondoo nitamweka wapi, bafuni?"

"Atakaa kwangu, nitamchunga mimi," alisema mzee. "Yeye aje kumtazama kila mwaka, amlete mtoto na mama yake. Wakati wa kupanda viazi ni mzuri. Na nywele si zitaota? Zikiota huko kwetu nitazikata zamu yangu. Mimi si mtu wa kwanza, nitakuwa wa pili. Sina kiburi."

Dada Mirta aliposikia hayo alianza kulia tena, lakini safari hii alikuwa anacheka, na akamkumbatia mzee kwa nguvu za watu wa pwani, mila za milimani zikae kando. Mzee alisimama wima ndani ya mikono yake kama mti uliovamiwa na mbuzi. Marleni aliegemea ukuta. Kila kitu kilikuwa kimekuwa chepesi mno, hata akaanza kuogopa wepesi wenyewe. Maana baba yake alikuwa amesema mjukuu, amesema njooni, amesema nitakata; lakini kusema hakugharimu, na mtoto mwenyewe alikuwa bado nyuma ya pipa, mzee bado hajamgusa.

Mzee Melchor alijitoa mikononi mwa Dada Mirta, akakitazama tena kile kichwa. Upepo wa Juni ulikuwa unapita uani, mkali.

"Ana kofia?" alimwuliza Marleni.

"Anayo, Baba. Niliinunua sokoni."

"Ya sokoni," alisema mzee, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Akaingiza mkono ndani ya poncho, chini kabisa, upande wa moyo, akatoa kitu kilichokunjwa. Mama Eudosia aliacha kutafsiri. Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Nini?" alinong'ona Dada Mirta. "Nini tena? Nimefanya nini?"

"Nyamaza, mama wa watu. Si wewe." Mama Eudosia alikuwa anapepesa macho haraka haraka. "Kule juu kofia ya kwanza ya mtoto hainunuliwi, na mama yake haifumi. Hufumwa na baba mtu. Wanaume ndio wanaofuma. Asiye na baba huvaa za kurithi, na kila mtu akimwona anajua."

Ilikuwa nyekundu na nyeupe, yenye masikio marefu ya kufungia kidevuni, na ndege wadogo wamezunguka ukingo wote, imefumwa kwa kukazwa hata maji yasingepenya. Marleni aliijua kazi ya mikono ile. Aliwahi kuvaa yake.

"Niliianza siku ile ulipopiga simu," alisema mzee. Hakumtazama binti yake. Alikuwa anazinyoosha nyuzi za ukingoni kwa kidole. "Ulimtaja mtoto, baba yake hukumtaja. Nikajua hayupo. Kwa nini hayupo sikujua, hilo umeniambia leo. Lakini mtoto hawezi kukaa kichwa wazi kwa sababu hiyo."

Machozi ya Marleni ambayo hayakuja penye mawe ya kufulia yalikuja sasa, yote kwa pamoja, na hakuyaficha. Dianira alimshika kiuno asianguke.

Eliu alikuwa ametoka nyuma ya pipa kumfuata mwanakondoo, na mwanakondoo alikuwa amemfuata mzee, kwa hiyo wote watatu walijikuta mahali pamoja. Mzee alimvika ile kofia. Alikuwa ameikisia kwa kichwa chenye nywele nyingi, tena za miaka, na ilimpwaya mtoto. Ilishuka ikapita nyusi, ikapita macho, ikasimama puani. Eliu alibaki ameduwaa ndani ya giza lake, mikono mbele, akipapasa hewa, mpaka akaigusa poncho ya babu yake na kuishika.

"Nani huyu?" aliuliza kutoka ndani ya kofia.

Wote walikuwa wanalia au wanacheka. Mzee Melchor alipiga goti pale vumbini, akaukunja ukingo wa kofia mara moja, akaukunja tena, mpaka macho mawili yakatokea chini yake yakimtazama.